Sindano ya Mgongo: Tumeiogopa Tangu Lini?

Leo tunagusa jambo ambalo akina mama hulisema kwa kunong'ona. Mtoto ana homa kali, anatapika, shingo imekakamaa. Daktari anaomba ruhusa ya kutoa maji ya uti wa mgongo, na bibi na mashangazi wanakataa: "Sindano hiyo inaua!"

Hofu hii ina historia. Katika pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, homa ya mtoto inayokuja na mtukutiko tunaiita degedege. Utafiti wa wilaya ya Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Basi akapelekwa kwanza kwa mganga, hospitali baadaye. Aliyefika amechelewa akafariki, lawama ikabaki kwa sindano.

Sindano ya mgongo yenyewe ilitangazwa Ujerumani mwaka 1891 na daktari Heinrich Quincke wa mji wa Kiel. Ni miaka minne tu kabla Wajerumani hawajajenga boma la Mikindani. Quincke alichoma chini ya kiuno, pale ambapo uti wenyewe umeshakwisha na yamebaki maji na nyuzi za neva. Hadi leo huchomwa hapo hapo, ndiyo maana hofu ya kwamba sindano itakata uti haina msingi. Maumivu ya kichwa kwa siku chache huwapata baadhi ya watu.

Quincke alipima presha ya maji hayo, protini na sukari. Kwa mtu mzima wa afya, maji ni maangavu na protini ni kidogo, kama miligramu 15 hadi 45 kwa desilita. Bakteria wakiingia, ukuta unaotenga damu na ubongo hulegea, protini za damu zikavuja ndani, sukari ikashuka. Maji yakawa kama yale ya kuoshea mchele. Lakini kujua hakukuwa kuponya: penisilini ilikuja kusambaa miaka ya 1940.

Je, maji hayo yanaweza kusema nani atapona? Jibu moja limetoka kwa jirani zetu Malawi, kwenye ndugu wa Wayao wa Masasi na Tunduru. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, watu wazima 465 waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Wengi wao walikuwa wakiishi na VVU, na zaidi ya nusu walifariki ndani ya siku 40. Watafiti walichunguza protini kwenye maji ya baadhi ya wagonjwa wa Blantyre, na mwaka 2012 wakaeleza kuwa waliofariki walikuwa na upungufu wa protini iitwayo C3. Kazi yake ni kuwatia bakteria alama ili askari wa mwili wawatambue. Ikiisha, mwili unapigana gizani.

Kipimo cha C3 bado si cha kawaida wodini. Daktari hutegemea hadubini, protini na sukari, na majibu hayo humwonyesha dawa ipi na kwa siku ngapi. Sisi akina mama tunachoshika mkononi ni muda. Anayetoka Msangamkuu huvuka maji kwanza ndipo afike Mtwara mjini. Saa zilizopotea kwa mganga hazirudi.

Kwa mabibi harusi wetu mnaotarajia uzazi: tangu 2009 chanjo ya Hib hutolewa nchini, na ya nimonia ikaongezwa mwishoni mwa 2012. Zote huzuia sehemu ya ugonjwa huu, na mtoto huzipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Zungumzeni na waume na wakwe mapema, mkubaliane kabla homa haijafika: daktari akiomba ruhusa, jibu ni ndiyo.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.