Mfuko wa Hewa: Kinga Inayoweza Kujeruhi

Mfuko wa hewa ni kifuko cha kitambaa cha nailoni kinachokunjwa ndani ya usukani, dashibodi, ubavu wa kiti au ukingo wa paa la gari. Hufumuka ghafla gari linapogonga kwa nguvu, ili kichwa na kifua cha aliyeketi visijipigize kwenye chuma, kioo au plastiki ngumu. Katika gereji za Nairobi, zikiwemo za Kawangware, jina lake ni eabegi. Magazeti na redio huandika na kutamka mfuko wa hewa, na wapo wanaosema mfuko wa usalama au puto.

Jina lililoenea, mfuko wa hewa, ndilo la kushikwa, ingawa lina upungufu. Kinachoujaza mfuko huo si hewa bali gesi, aghalabu naitrojeni, inayotokana na kemikali iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Kwa hakika ni mlipuko mdogo uliopimwa. Anayesikia neno hewa hufikiria kitu laini kama mto, na fikira hiyo ni ya hatari. Mfuko wa usalama hupotosha zaidi, kwa sababu jina hilo huahidi kinga kamili. Herufi SRS zilizochapwa kwenye usukani, zile zile zinazowaka kwenye dashibodi ufunguo unapozungushwa, zinasimamia mfumo wa kuzuilia abiria ulio wa nyongeza. Nyongeza ndilo neno la kukumbukwa hapo. Kizuizi cha kwanza ni mkanda, na mfuko ulibuniwa kuusaidia.

Kitambuzi kilicho mbele ya gari hupima jinsi mwendo unavyokatika. Mgongano ukilingana na kugonga ukuta kwa kasi ya karibu kilomita 16 hadi 26 kwa saa au zaidi, kulingana na gari na kama mkanda umefungwa, kompyuta ndogo hupeleka umeme kwenye kiwashio. Muda wa milisekunde 50 hivi hutosha kuujaza mfuko, nao ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Kitambaa husukumwa kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa, kisha gesi hutoka kupitia matundu na mfuko hunywea. Aliyefunga mkanda huufikia mfuko ukiwa umeshajaa. Asiyefunga hutupwa mbele wakati breki inashikwa, na hukutana nao ungali unafumuka.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha majeraha mengi mabaya. Kwa makadirio ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kati ya 1990 na 2008 watu zaidi ya 290 waliuawa na mifuko ya mbele katika migongano ya mwendo mdogo. Zaidi ya asilimia 80 kati yao hawakuwa wamefunga mkanda, au hawakuufunga sawasawa, na takribani asilimia 90 walikuwa katika magari yaliyoundwa kabla ya 1998. Katika nchi hiyo hiyo mifuko ya mbele inakadiriwa kuwa imeokoa watu zaidi ya 50,000 kufikia 2017, kwa hiyo si kifaa cha kukimbiwa. Majeraha ya kawaida ni michubuko ya uso, pua iliyovunjika, mkono uliovunjika kwa sababu ulikuwa umevuka katikati ya usukani, kukwaruzwa kwa mboni na masikio kuvuma. Vumbi linalotoka huweza kuwasha macho, ngozi na mapafu, hasa kwa wenye pumu, na dawa yake ya kwanza ni kutoka nje na kuosha kwa maji mengi. Dereva anashauriwa kuacha nafasi ya sentimita 25 kati ya kifua chake na kitovu cha usukani, jambo linalowahusu hasa watu wafupi wanaovuta kiti mbele.

Wakazi wengi wa Soweto East, kijiji kilicho upande wa mashariki wa mtaa wa Kibera jijini Nairobi, huenda kazini kwa miguu au kwa bodaboda, na mfuko huu hauwakingi. Wanapokutana nao ni kwenye matatu, teksi au gari la jamaa. Hapo hatari kubwa ni mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele. Mfuko ukifumuka humkuta mtoto kati yake na mzazi, kichwa chake kikiwa pale pale unapotokea, na shingo yake haiwezi kustahimili pigo hilo. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi. Nafasi ya mtoto ni nyuma. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004 chini ya John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, ziliweka mikanda kwenye matatu, lakini mkanda usiofungwa hausaidii kitu.

Mafundi nao wana hatari yao. Nyaya za mfumo huu kwa kawaida hutambulika kwa viunganishi vya manjano. Kabla ya kuzigusa, waya hasi wa betri hutolewa na fundi husubiri. Miongozo ya Toyota hutaja sekunde 90 au zaidi, maana umeme hubaki umehifadhiwa. Mfuko uliotolewa hulazwa uso ukitazama juu, na haupimwi kwa mita. Lililo baya zaidi ni kuziba dashibodi iliyopasuka na kuweka rezista ili taa ya SRS izime ilhali ndani hamna mfuko. Mnunuzi wa gari la namna hiyo anauziwa ulinzi usiokuwepo. Taa isiyowaka kabisa ufunguo unapozungushwa ni dalili ya kutilia shaka.

Kuna pia mifuko iliyotengenezwa vibaya tangu kiwandani. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia nitrati ya amoniamu, ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikiwaka, kasha la chuma linaloihifadhi huweza kupasuka na kurusha vipande usoni na shingoni. Kote duniani, mifuko ya Takata ipatayo milioni 100 iliitwa irudishwe, ikiwemo ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na BMW, na kampuni ikaomba kinga ya kufilisika Juni 2017. Kenya hununua magari mengi yaliyokwishatumika Japani, na gari linaloishi Mombasa hukutana na joto na unyevu zaidi kuliko la Nairobi. Nambari ya chesi ndiyo huonyesha kama gari limo katika orodha ya kurekebishwa; huulizwa kwa wakala wa kampuni au kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kubadilishiwa kasha hilo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.