Apolo Kivebulaya na haki ambazo mtu anaziacha mwenyewe

Wengi wetu tuliotoka Ituri tunalijua jina la Apolo Kivebulaya. Lakini hapa Kampala kuna vijana wanapita Namirembe kila siku na hawajui kwamba huyu mzee alitokea huku Buganda, akaja kwetu Kongo. Leo tumuongelee kidogo.

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864. Ujana wake ulipita katika vita vya dini vya Buganda, akawa askari. Alibatizwa 1895. Jina Kivebulaya ni la Kiganda, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, juu ya koti jekundu alilokuwa anavaa na kanzu yake.

Mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka mto Semliki, akafika Boga. Mtemi Tabaro hakumpenda. Watu wakakatazwa kumpa chakula. Alipigwa. Halafu dada wa mtemi akafa kwa ajali ya mkuki, na Apolo akasingiziwa kumuua. Akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Fort Portal. Alipoachiliwa, angeweza kurudi Buganda akalime shamba lake kwa amani. Nani angemlaumu? Yeye akarudi Boga, na Tabaro mwenyewe baadaye akabatizwa.

Aliacha mengi. Mchumba wake alikufa, na hakuoa tena. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Namirembe, lakini hakuja kukaa mjini. Aliendelea na Wambuti ndani ya msitu, watu ambao wengine waliwadharau. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa sababu kazi ilikuwa bado huko.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Sisi tunaojitolea kambini tunaambiwa mara nyingi: Mkristo hadai haki zake. Kijana anatafsiri kutwa nzima, jioni hana hata nauli ya boda, na akiuliza anaambiwa hana moyo wa kutumika. Hapo tunasema pole pole: hiyo siyo habari ya Apolo.

Apolo aliacha kile kilichokuwa mkononi mwake, na aliacha kwa hiari. Hata Paulo ni hivyo hivyo. Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na hao wawili walikuwa wamefukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Kumbe walikuwa kama sisi! Na ndio walimfundisha Apolo wa kwanza, yule wa kwenye Biblia. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba mtumishi ana haki ya kula kwa kazi yake, halafu yeye mwenyewe hakuichukua. Lakini kule Filipi, alipopigwa bila kuhukumiwa, alisema wazi kwamba yeye ni raia wa Roma, na wakubwa wakaja kumuomba radhi. Haki moja aliiacha, na haki nyingine aliitumia. Aliyeamua ni yeye.

Mtu hawezi kutoa sadaka kitu alichonyang'anywa. Mwisho wa Mei 2021 Boga na Tchabi zilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Waliokimbia hawakujitolea nyumba zao. Walinyang'anywa. Na hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kumkumbusha mtu haki hiyo siyo kumharibu imani.

Basi ndugu wa mashirika, mkituomba kujitolea, mtuambie tangu mwanzo kazi ni saa ngapi na nauli ni ya nani, halafu mtuachie kujibu ndiyo au hapana. Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya neno haki ili tusimsaidie mama jirani anayeshindwa kusoma barua yake. Wako wengi Katwe na Nsambya wanaohitaji saa moja tu ya mtu. Saa hiyo ni yetu, na tukitaka kuitoa, tunaitoa bila kusukumwa, kama yule mzee aliyerudi Boga.