Matibabu ya ukavu sugu wa kinywa

Ukavu sugu wa kinywa, au zerostomia, ni hali ya kinywa kukosa mate ya kutosha kwa muda mrefu. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya lita 0.5 na 1.5 za mate kwa siku, kutoka jozi 3 za tezi kubwa na mamia ya tezi ndogo. Mate hulainisha chakula, hupunguza makali ya asidi na kuzuia fangasi. Yakipungua, ugali haumezeki bila maji, ulimi huwasha na meno huoza upesi, hasa karibu na ufizi. Tiba hulenga mambo matatu: kushughulikia chanzo, kuleta unyevu na kulinda meno. Sehemu kubwa yake yawezekana nyumbani.

Visababishi

Chanzo cha kawaida zaidi ni dawa: amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, dawa za mzio kama klorofeniramini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Vingine ni kisukari kisichodhibitiwa, VVU, ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi, na tiba ya mionzi ya saratani ya kichwa na shingo. Miraa, tumbaku na pombe huzidisha hali. Mgonjwa wa kisukari anayemeza amitriptilini kwa sababu ya miguu kuwaka moto huwa na vyanzo viwili kwa pamoja.

Kushughulikia chanzo

Daktari hupitia dawa zote, kisha hupunguza kipimo, hubadilisha dawa au saa ya kuimeza. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kudhibiti sukari ya damu kwaweza kupunguza ukavu.

Kuleta unyevu

Maji hunywewa kidogo kidogo mchana kutwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa. Suuzo la kikombe 1 cha maji vuguvugu, robo kijiko cha chai cha chumvi na robo ya soda ya kuokea (si magadi) hutuliza kinywa, hutemwa, halimezwi. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huzidisha ukavu.

Chingamu isiyo na sukari, hasa yenye ksailitoli, huchochea tezi ambazo bado zinafanya kazi. Mate bandia ya jeli au ya kupuliza hutuliza kwa muda mfupi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2011 hayakupata ushahidi thabiti kwamba dawa yoyote ya kupaka au kupuliza kinywani huondoa hisia ya ukavu, kwa hiyo mgonjwa huchagua inayomfaa.

Pilokapini, dawa ya kuchochea mate inayotokana na mmea wa jaborandi wa Brazili, iliidhinishwa Marekani mwaka 1994 kwa ukavu unaoletwa na mionzi. Kipimo cha kawaida ni miligramu 5 mara 3 kwa siku. Sevimelini ilifuata mwaka 2000 kwa ugonjwa wa Sjögren. Zote huleta jasho jingi, na hazifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa au glakoma ya pembe finyu.

Kulinda meno

Meno husuguliwa mara 2 kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Fangasi ya kinywa hutibiwa kwa nistatini.

Kitale na Bungoma

Vyakula vya eneo hili la magharibi mwa Kenya vina faida na hatari. Mrenda, uitwao murere na Wabukusu, huteleza na kumfanya mgonjwa ameze ugali kwa urahisi; uji wa wimbi na ndizi mbivu pia humezeka vyema, mradi kinywa kisuuzwe baadaye. Miwa, inayolimwa sana kuzunguka kiwanda cha sukari cha Nzoia, huleta mate lakini huogesha meno katika sukari. Vivyo hivyo chai tamu inayonywewa mchana kutwa: kinywa kikavu hakina mate ya kuiondoa sukari hiyo.

Mgonjwa huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali za rufaa za kaunti mjini Kitale na Bungoma. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye makao Eldoret katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, una kliniki za VVU Kitale na Webuye, na umepanua huduma zake hadi kisukari na saratani. Anayepangiwa mionzi amwone daktari wa meno kabla haijaanza, ili meno mabovu yashughulikiwe mapema: kung'oa jino baada ya mionzi kwaweza kuua mfupa wa taya. Uvimbe wa tezi, utando mweupe usioondoka au shida ya kumeza inayozidi huhitaji uchunguzi bila kuchelewa.