Gia Nzito Katika Pikapu Isiyo Fobaifo

Gia nzito ya ziada, ile inayolifanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi, siku hizi huhesabiwa kuwa mali ya magari ya fobaifo. Historia yake ni tofauti. Nchini Marekani ilihitajika kwanza katika magari na malori yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na wenye magari hayo waliinunua madukani na kuifunga zamani sana kabla ya magari ya vita kuiunganisha na ekseli ya mbele.

Gari lililozaa biashara hiyo ni Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, likafikia idadi ya milioni 15. Injini yake ya lita 2.9 ilitoa nguvu ya farasi 20, na giaboksi ilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele. Ya kwanza ilipunguza mzunguko wa injini kwa uwiano wa 2.75 kwa 1, na ya pili ilipitisha mzunguko kama ulivyo. Kati ya hizo mbili hapakuwa na kitu. Mlima ukiishinda gia ya pili, dereva alikanyaga pedali ya kushoto hadi chini na kuishikilia kwa mguu mpaka kileleni, injini ikilia na gari likienda polepole. Mlima ukizidi ukali, wengi waligeuza gari na kupanda kinyumenyume. Rivasi ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 1, hivyo ilikuwa nzito kuliko gia ya kwanza. Isitoshe, kwa miaka mingi tangi la petroli lilikaa chini ya kiti bila pampu, na gari lenye mafuta kidogo likiinua pua juu, petroli haikufika kwenye kabureta.

Mwaka 1917 kampuni ya Ford ilileta lori la tani moja, Model TT, lenye injini na giaboksi zile zile lakini ekseli nyingine ya nyuma. Difu ya Model T ilikuwa na uwiano wa 3.64 kwa 1. Ya TT ya kawaida ilikuwa 7.25 kwa 1. Mzigo ulivutika, ila mwendo ukapotea kila mahali, hata kwenye barabara tambarare na lori likiwa tupu. Mkulima alikuwa na haki ya kutaka vyote viwili, nguvu shambani na mwendo wa kurudi nyumbani, na kiwanda hakikumpa.

Jibu lililopendwa zaidi lilitoka California, kwa Glover Ruckstell. Ekseli yake ya kasi mbili ilitengenezwa mwanzoni na kampuni ya Hall-Scott ya Berkeley, watu waliokuwa na uzoefu wa injini za ndege. Fundi alifungua ekseli ya nyuma, akaondoa ganda la upande wa kushoto, na mahali pake akafunga ganda jipya lenye seti ya gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati. Dereva alipewa wenzo karibu na kiti. Ukisukumwa upande mmoja, seti nzima ilijifunga na kuzunguka kama kipande kimoja, na gari likaenda kama kawaida. Ukivutwa upande wa pili, gia zile ndogo zilianza kufanya kazi na mwendo ukapungua kwa karibu theluthi moja, nguvu ikiongezeka kwa kiasi kinacholingana. Gia mbili zikawa nne, na rivasi zikawa mbili. Ford waliikubali, na mawakala wao wakaiuza.

Wengine walichagua giaboksi ya pili, kama ile ya Warford, iliyofungwa nyuma ya giaboksi ya kiwandani. Hapa palikuwa na hatari ya kweli. Breki ya mguu ya Model T haikubana magurudumu. Ilibana ngoma iliyokuwa ndani ya giaboksi. Giaboksi ya nyongeza ikikwama katikati ya gia mbili, au wenzo wa Ruckstell ukibaki nusu njia, magurudumu yalikatwa kutoka kwa injini na kutoka kwa breki kwa pamoja. Breki ya mkono ilifika kwenye magurudumu ya nyuma, lakini ilikuwa dhaifu, ya kuegeshea gari tu. Kwa hiyo fundi makini hakufunga gia za ziada bila kuongeza breki za bendi kwenye ngoma za magurudumu ya nyuma.

Baadaye viwanda vilijifunza somo hilo. Malori yakapata ekseli za kasi mbili, hasa za kampuni ya Eaton. Pikapu nazo zikapewa giaboksi za gia nne zenye gia ya kwanza nzito mno: ile ya General Motors iitwayo SM420, iliyotoka mwaka 1947, ilikuwa na uwiano wa karibu 7 kwa 1. Bila mzigo, dereva aliondoka kwa gia ya pili.

Mgawanyiko kati ya magari ya fobaifo yenye gia nzito na pikapu za kawaida ulianzia kwenye Jeep ya mwaka 1941, iliyotengenezwa zaidi ya 600,000 wakati wa vita. Trensfa yake, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, ilibeba pia gia nzito, na gia hiyo haikuingia kabla ekseli ya mbele haijaunganishwa, ili ekseli ya nyuma isibebe nguvu yote peke yake. Land Rover ya 1948 na nyingi zilizofuata zilishika njia hiyo hiyo. Barabara za lami zilipoenea na giaboksi za gia tano zikaingia, gia ya kwanza nzito ilitoweka kwenye pikapu za kawaida.

Ndiyo maana mwenye pikapu ya magurudumu mawili anayetaka gia nzito leo hukopa kutoka kwa ndugu yake wa fobaifo. Toyota Hilux ni mfano mzuri, kwa kuwa tangu 1979 imeuzwa kwa namna zote mbili. Fundi hufunga giaboksi ya fobaifo pamoja na trensfa yake, huacha tundu la mbele bila propela shafti, kisha hukata ile ya nyuma iwe fupi na kuisawazisha upya. Trensfa yake ya zamani, inayoendeshwa kwa gia tu, ina uwiano wa 2.28 kwa 1. Kama gia ya kwanza ni karibu 4 na difu ni 4.10, jumla ya 16 kwa 1 hupanda hadi 37. Trensfa ikiwa nyutro, gia iliyowekwa haizuii gari kuserereka, kwa hiyo breki ya mkono lazima iwe nzima. Hafu shafti za nyuma hubeba nguvu ambayo kiwanda kilikusudia zigawane na za mbele, na mguu mzito kwenye mwamba huzikata. Kwenye tope gia hiyo haisaidii sana, maana magurudumu mawili huteleza kabla nguvu haijaisha. Faida yake iko kwenye mteremko mrefu, ambako injini huzuia gari bila breki kuchemka, na katika kuondoa trela lenye mzigo kwenye mlima bila kuunguza klachi.