Mama Kando ya Kitanda: Habari za Uuguzi wa Watoto Katika Nchi Yetu

Katika vitabu vya jubilei hutajwa kwanza waliojenga kanisa na kuchoma matofali. Sisi tulioombwa kuandika kurasa hizi tumechagua kuwakumbuka watu wengine, wale wanaolala juu ya mkeka, chini ya kitanda cha mtoto mgonjwa.

Mbele ya Elisabethville kuanzishwa katika mwaka wa 1910, Lukafu hii, chini ya mlima Kundelungu, ilikuwa kituo cha Serikali katika Katanga. Kiisha ukubwa ulihamia kwenye shaba, na lopitalo kubwa zikafuata shaba. Mwaka ule ule wa 1910 walifika Wabenedikto pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye. Union Minière, iliyoundwa katika mwaka wa 1906, mwanzoni ilitafuta wanaume wenye nguvu tu. Tangu karibu mwaka wa 1928 ilianza kuwashika watumishi kwa muda mrefu, pamoja na wake na watoto wao. Hapo ndipo zilipoongezeka nyumba za kuzalisha na za kupima watoto wachanga, na masista wakatumika humo. Tusidanganyane: kampuni ilimhesabu mtoto kuwa mtumishi wa kesho. Lakini mtoto aliyepona alikuwa amepona.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kule Uingereza, hata katika miaka ya 1950, lopitalo nyingi ziliwafungia wazazi mlango. Waliruhusiwa kuingia saa chache tu kwa juma, kwani ilisemwa kwamba mama humliza mtoto. Katika mwaka wa 1952 James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, na watu wakaona kwamba mtoto anyamazaye si lazima awe mtoto aliyetulia. Ndipo katika mwaka wa 1959 tume ya Platt ilipoishauri serikali kwamba wazazi waingie saa yoyote, na mama wa watoto wadogo walale nao.

Kwetu mama hakuondoka kamwe. Si kwa sababu ya elimu kubwa. Kitanda kisicho na mama ni kitanda kisicho na bukari, wala maji ya kunawa, wala mtu wa kumkimbilia mganga wakati serumu inapoacha kutiririka. Majirani wetu wa Kampala walilitumia jambo hilo kwa akili: katika lopitalo ya Mulago, mwaka wa 1965, walianzisha nyumba iitwayo Mwanamugimu, maana yake mtoto mwenye afya, ambamo mama mwenyewe hufundishwa kumpikia mtoto aliyekondeana kwa njaa, ili apone katika mikono ileile itakayomlisha nyumbani.

Lakini mama huyo ameacha wengine nyumbani kwa nkambo yao, na shamba halingoji. Tena kuna falanga. Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière iliyotwaliwa na Serikali katika mwaka wa 1967, ililegea sana katika miaka ya 1990. Katika miaka ya 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10.000 waliondoka, na jamaa nyingi zikapoteza matunzo waliyoyazoea.

Sisi makatekista tumemwona mama, mtoto wake amekwisha kupona, anazuiwa kutoka kwa sababu ya deni. Alilala barazani juma la tatu. Lopitalo hatuitaji. Tulikusanya, haikutosha, mbuzi ikauzwa. Mwaka uliofuata mama mwingine, aliyeisikia habari hiyo, aliogopa, akamficha mwanawe mwenye homa ya malaria hata viganja vikawa vyeupe kwa kukosa damu. Tulimbatiza njiani, juu ya kinga. Hakufika.

Mtu asije akawalaumu waganga peke yao. Mmoja huangalia chumba kizima usiku, na mshahara wake huchelewa. Tunapenda kukumbusha kwamba lopitalo kubwa ya Lubumbashi ina jina la Jason Sendwe, aliyeuawa Albertville katika mwaka wa 1964. Wengi wanamjua kwa siasa, wachache wanajua kwamba mbele ya siasa alikuwa msaidizi wa daktari. Na surua iliyoanza katika mwaka wa 2019, iliyoua watu zaidi ya 6.000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wasiofikia miaka mitano, iliwakuta waganga wa namna hiyo, mmoja mmoja, wenye sindano chache.

Siku ya Alhamisi mama wa parokia hupeleka unga, chumvi na makala kwa wale walio kando ya vitanda, bila kuuliza ni wa dini gani. Wanapika uani, chini ya mwembe. Mbabula mbili zimekwisha kutoboka, na mvua zikianza, hapana paa mahali pale.