JENGO LILIVUNJWA, ELIMU IKABAKI



Tarehe 2 Juni 1406, katika mji wa Kashan huko Iran, mtu mmoja alikesha akitazama kupatwa kwa mwezi, na kila alichokiona akakiandika. Jina lake ni Ghiyathuddin Jamshid al-Kashi. Nchi ilikuwa imechakazwa na vita vya Timur, ufukara umeenea, naye alihama mji hadi mji. Kichwa kilikuwa kizima, mfuko ndio mtupu.

Mwaka 1414 hivi alikamilisha majedwali ya mienendo ya nyota, akayatunuku kwa Ulugh Beg, mjukuu wa Timur huyo huyo na mtawala wa Samarkand, katika nchi ya leo ya Uzbekistan. Kwenye utangulizi akakiri kwamba lau si msaada wa Ulugh Beg, asingeweza kuimaliza kazi ile.

Zingatieni hapo. Babu alibomoa miji, mjukuu akajenga watu.

Mwaka 1420 madrasa ya Ulugh Beg ilikamilika pale Samarkand, na humo hisabati na falaki zilifundishwa. Madrasa za zama zile ziliendeshwa kwa waqfu: maduka na mashamba yaliwekwa kwa ajili ya Allah, mapato yakalipia walimu, malazi na posho za wanafunzi. Mtoto wa maskini akapata pa kulala, akapata cha kula, akasoma.

Lakini Ulugh Beg hakuishia kwenye posho. Alijenga kituo cha kuangalizia nyota chenye kipimo kikubwa mno, nusu kipenyo chake takriban mita 40. Hapo watu walijifunza kupima, kuandika, kukagua makosa na kukokotoa. Leo tunaita kazi hiyo ujuzi wa data. Matunda yake ni orodha ya nyota 1,018, mwaka 1437.

Al-Kashi mwenyewe aliitwa Samarkand. Mwaka 1424 alikokotoa thamani ya pai hadi tarakimu 16 baada ya nukta, na zaidi ya miaka 150 ikapita bila mtu kumpita. Mwaka 1427 akamaliza kitabu cha Miftah al-Hisab, kiwafae wanajimu, wajenzi, wapima ardhi na wafanyabiashara.

Pale pale akakulia Ali Qushji, mtoto wa mtunza ndege wa kuwindia wa mfalme. Mtoto wa mtumishi akawa bingwa wa falaki.

Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa amri ya mwanawe. Kituo kikavunjwa, hata mahali pake pakasahaulika hadi 1908 palipofukuliwa. Lakini Ali Qushji alikuwa hai! Aliibeba elimu ile hadi Istanbul, akafundisha huko mpaka alipofariki mwaka 1474.

Ndugu zangu, sisi tunachangishana upesi kwa zulia la msikiti na pilau ya maulidi. Sipingi, ni kheri. Lakini yupo kijana mtaani kwako aliyechaguliwa kusoma fizikia au takwimu chuo kikuu. Mama yake ameuza mbuzi, ada ya kwanza imelipwa. Sasa kozi inamtaka achambue data, naye hana kompyuta. Anaandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bando likiisha analala. Huyu hafeli kwa ujinga. Anafeli kwa kukosa chombo.

Basi tukimsaidia, tusiishie kwenye ada. Tumpe kompyuta, tumlipie mafunzo, tumtafutie mtu mzoefu wa kumwelekeza. Na tusingoje tajiri mmoja. Fremu moja ya duka ikiwekwa waqfu, kodi yake humsomesha kijana mwaka hadi mwaka, na aliyeitoa yuko kaburini anaendelea kuandikiwa.

Mtume wetu ﷺ ametufundisha kuwa elimu yenye kunufaisha ni katika amali zisizokatika kwa mauti. Jiulize leo: nani wa mtaani kwangu anaijua njia ya chuo, ila hana nauli?

Wabillahi tawfiq.