Nasaba: Kiungo cha ukoo na ufunguo wa uraia Kwale

NASABA ni mfululizo wa vizazi unaomwonyesha mtu alikotoka na walio jamaa zake. Katika Kaunti ya Kwale, elimu hii imehifadhiwa zaidi vifuani mwa wazee kuliko katika maandishi.

Miongoni mwa Wadigo wa Diani, Msambweni na vijiji jirani, mila humhesabu mtu katika fuko, yaani ukoo wa upande wa mama. Uislamu, ambao ndio dini ya wengi wao, humnasibisha mtoto na baba yake. Kwa hivyo anayetafuta jamaa zake hana budi kuuliza pande zote mbili, la sivyo nusu ya ndugu zake watampotea.

Uzito wa nasaba ulidhihirika hasa kwa Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wana na wajukuu walizaliwa Kwale, lakini kwa miaka mingi waliishi bila vitambulisho vya kitaifa, wakakosa ajira rasmi na hatimiliki za ardhi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia wa taifa lolote walioishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, pamoja na vizazi vyao. Tangu hapo, kujua babu alifika lini kukawa suala la haki. Oktoba 2016, Wamakonde walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, ambako Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho. Mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 nchini. Wapemba wa Pwani walitambuliwa mwaka 2023.

Anayetaka kufuatilia nasaba yake na aanze kwa wazee walio hai. Aandike majina ya pande zote, fuko, kijiji, makaburi ya wahenga, na matukio yanayosaidia kukadiria miaka, kama vile uhuru. Kisha alinganishe na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule. Masimulizi yakitofautiana, ayaandike yote.

Cheti kikipotea, nakala yaweza kuombwa afisini. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, hakuna afisi itoayo nakala ya kumbukumbu zake.